Ndugu Amepewa Barua ya Kuondolewa Uingereza: Rufaa Inavyokwenda, na Kazi Inayowahusu Ninyi wa Moshi na Arusha

Picha ya barua huingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo usiku: ukurasa mmoja, umepigwa kwa kupinda, kidole kimefunika tarehe. Kabla hamjaanza kuchanga, na kabla mtu hajamtaja "kijana mmoja wa London anayejua mambo ya makaratasi", mwambieni mwenye barua apige upya. Kurasa zote, mbele na nyuma, pamoja na bahasha au barua pepe iliyoileta. Ile tarehe iliyofunikwa na kidole ndiyo inayoamua kama muda wa rufaa bado upo.

Mwongozo huu ni wa familia za Kilimanjaro na Arusha zenye ndugu anayetakiwa kuondoka Uingereza ilhali ana mwenza, watoto au maisha ya miaka mingi kule. Sheria ni ya kule na kesi inasikilizwa kule. Lakini maswali mengi ya jaji yanahusu huku: akirudi atafikia kwa nani, anaijua lugha gani, mtoto atasoma wapi, dawa zake zinapatikana? Majibu hayo yako Marangu, Himo, Usa River na Ngaramtoni, na wenye kuyajua ni ninyi.

Hatua ya kwanza: jueni ni barua gani

Wengi hudhani notisi ya kuondolewa ndiyo inayokatiwa rufaa. Sivyo. Tangu Aprili 2015, anayekata rufaa anakata dhidi ya uamuzi wa kukataliwa dai, yaani dai la hifadhi au dai la haki za binadamu. Kwa mwenye familia, dai hilo husimama juu ya Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, inayolinda maisha ya familia na maisha binafsi. Mahakama za Uingereza huitumia kupitia Sheria ya Haki za Binadamu ya mwaka 1998.

Kwa hiyo, kama ndugu amepewa notisi tu na hajawahi kudai chochote, hana cha kukatia rufaa bado. Anatakiwa kwanza awasilishe dai lake Home Office, yaani Wizara ya Mambo ya Ndani ya kule, kwa fomu ya maombi ya familia au maisha binafsi. Ada yake ni kubwa, na juu yake kuna tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa kibali, ila asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Likikataliwa dai hilo, mlango wa rufaa unafunguka.

Kama barua inasema dai limekataliwa na "una haki ya kukata rufaa", nendeni moja kwa moja hatua ya pili. Kama inasema dai limethibitishwa kuwa halina msingi kabisa, rufaa ya kawaida haipo. Kinachobaki ni kuomba mahakama ipitie uamuzi huo, haraka na kwa vyovyote ndani ya miezi 3, na hiyo ni kazi ya wakili, si ya kujaribu mwenyewe. Na kama barua inazungumzia kufukuzwa kwa sababu ya kifungo, hasa cha miezi 12 au zaidi, hiyo ni njia nyingine yenye vipimo vikali zaidi. Tutaigusa kidogo chini.

Kuna pia karatasi ambayo watu huiweka kando: ile inayomtaka aeleze sababu zote za kutaka kubaki. Aijibu, tena kwa ukamilifu. Sababu iliyowekwa akiba ili itolewe baadaye ikionekana kuna haja, huja kuulizwa: mbona hukusema mwanzo?

Hatua ya pili: siku 14

Aliye ndani ya Uingereza ana siku 14 za kukata rufaa, zikihesabiwa tangu uamuzi ulipotumwa. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Aliyeko nje ya nchi ana siku 28. Siku ya mwisho ikiangukia siku isiyo ya kazi, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Basi, hakuna huruma nyingine ndani ya hesabu hiyo. Uamuzi uliotumwa tarehe 3 unafungwa tarehe 17, hata kama bahasha ilikaa kwenye sanduku la barua la nyumba aliyohama.

Rufaa inapelekwa baraza linaloitwa First-tier Tribunal, kitengo cha uhamiaji na hifadhi, kwa njia ya mtandao. Ada ni pauni 80 ikiamuliwa kwa karatasi peke yake, na pauni 140 ikisikilizwa mbele ya jaji. Ushauri wetu ni mmoja: lipieni 140. Pauni 60 mlizookoa zitamnyima jaji nafasi ya kumwona baba akijibu mtoto wake yuko darasa la ngapi na anaogopa nini, na kesi za Ibara ya 8 hushinda hapo au hufia hapo. Asiye na uwezo aombe msamaha wa ada.

Muda ukiwa umepita, msikate tamaa na msinyamaze. Rufaa iliyochelewa inapelekwa pamoja na ombi la kuongezewa muda, sababu, na ushahidi wa sababu hiyo: karatasi ya hospitali, barua ya kuhama nyumba, ujumbe wa wakili aliyezembea. Jaji ana uwezo wa kukubali. Kuchelewa bila maelezo ndiko kunakofunga mlango.

Rufaa ikishapokelewa ndani ya muda, akiwa Uingereza, hawezi kuondolewa hadi iamuliwe. Na kama alikuwa na kibali halali wakati anaomba, kibali hicho na masharti yake, pamoja na ruhusa ya kufanya kazi kama alikuwa nayo, huendelea wakati rufaa inasubiri. Kusubiri kwenyewe ni miezi mingi, na kupita mwaka si ajabu.

Nani amsaidie

Kule, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuidhinishwa ni kosa la jinai. Wanaoruhusiwa ni mawakili waliosajiliwa na washauri walio chini ya Immigration Advice Authority, chombo ambacho hadi Januari 2025 kiliitwa OISC. Mshauri wa namna hiyo akiwa wa daraja la chini haruhusiwi kusimama barazani. Anayeruhusiwa ni wa daraja la 3. Mwombeni namba yake ya usajili, kisha ndugu aitafute kwenye tovuti ya mamlaka hiyo kabla ya kulipa hata senti. Mtanzania mwenzetu mwenye maneno mazuri asiye na namba, mshukuruni kwa chai yake.

Msaada wa kisheria wa serikali kwa kesi za familia na maisha binafsi uliondolewa England na Wales mwaka 2013, lakini ipo njia ya ombi maalum ambayo wakili huijaza. Aliyeko kizuizini ana haki ya ushauri wa bure wa dakika 30 kupitia mpango wa zamu za mawakili, na shirika la BID husaidia watu kuomba dhamana. Akishikwa, jambo la kwanza mnalolihitaji nyumbani ni jina la kituo na namba yake ya kumbukumbu ya Home Office. Bila hiyo namba, hakuna wakili atakayeweza kuuliza lolote kwa niaba yake.

Jaji anapima nini

Swali la mwisho la jaji ni la mizani: je, kumwondoa mtu huyu kunaumiza familia au maisha yake kupita kiasi, tukilinganisha na haki ya nchi kusimamia mipaka yake? Bunge la Uingereza limempa mawe ya kupimia, katika sheria ya uhamiaji ya mwaka 2002 iliyofanyiwa nyongeza 2014.

Jiwe zito kuliko yote ni mtoto. Kama mrufani ana uhusiano wa kweli na unaoendelea na mtoto aliye chini ya miaka 18, ambaye ni raia wa Uingereza au ameishi kule miaka 7 mfululizo, na si haki kumtarajia mtoto huyo aondoke, basi maslahi ya umma hayadai mzazi aondolewe. Hilo linawahusu wasiokabiliwa na kufukuzwa kwa uhalifu. Neno "kweli na unaoendelea" lina uzito wake: cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba hakitoshi. Anayempeleka shule ni nani? Nani hupigiwa simu na mwalimu mtoto akiumwa? Barua ya shule inayosema "baba humleta Jumatatu na Alhamisi na alihudhuria kikao cha wazazi mwezi Machi" inashinda picha 50 za sikukuu ya kuzaliwa.

Kesi kubwa ya jambo hili ni ya mama wa Kitanzania. Inajulikana kwa jina la ZH (Tanzania), na iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2011. Alikuwa ameomba hifadhi mara 3, mara 2 kati ya hizo kwa utambulisho wa uongo. Watoto wake wawili, wa miaka 12 na 9, walikuwa raia wa Uingereza. Mahakama ilisema maslahi ya mtoto ni jambo la kuangaliwa mbele, uraia wake una uzito wa pekee, na hawezi kubebeshwa dhambi za mama. Mkisikia ndugu anasema "mimi nilijilipua zamani, sina kesi", yaani aliomba hifadhi kwa maelezo ya uongo, mkumbusheni hiyo. Asijidanganye tu kwamba uongo ule haumgharimu kitu, kwani upande wake mwenyewe wa mizani utaubeba.

Mwenza ni jiwe la pili. Awe raia wa Uingereza au mwenye ukaazi wa kudumu, na waonyeshe kwamba kuishi pamoja Tanzania kuna vikwazo visivyovukika, au ugumu mkubwa mno kwa mmoja wao. "Mke wangu hapendi joto" haimo. "Mke wangu ana mtoto wa ndoa ya kwanza, na amri ya mahakama inampa baba wa mtoto huyo siku za kumwona" imo. Uhusiano ulioanza wakati mrufani hana kibali hupewa uzito mdogo, na sheria inasema hivyo waziwazi.

Maisha binafsi ni jiwe la tatu: miaka 20 ya kuishi kule mfululizo, au kijana wa miaka 18 hadi 24 aliyeishi kule angalau nusu ya umri wake, au mtu mzima aliyeishi kule chini ya miaka 20 ambaye atakuta vikwazo vikubwa sana kuingia tena katika maisha ya Tanzania. Mwaka 2018 Mahakama hiyohiyo ya Juu, katika kesi ya mwanamke mwingine Mtanzania aliyekaa miaka mingi kwa vibali vya muda, ilisema kila asiye na ukaazi wa kudumu hali yake ni ya kuyumba, hivyo maisha binafsi aliyojijengea hupewa uzito mdogo. Ndiyo maana aliyeondoka Moshi akiwa na miaka 25, Kiswahili safi, ndugu tele, asitegemee sana jiwe hili. Aegemee watoto.

Aliyehukumiwa kifungo cha chini ya miaka 4 na anayetakiwa kufukuzwa anatakiwa kuonyesha kwamba athari kwa mtoto au mwenza ni kali kupita kiasi, si ugumu wa kawaida wa familia kutengana. Miaka 4 na kuendelea, anahitaji mazingira mazito zaidi ya hayo. Huyo asiende bila wakili.

Barua ya kutoka nyumbani

Hapa ndipo familia nyingi huharibu kwa nia njema. Barua iliyozoeleka inasomeka hivi:

"Mimi ni baba mkubwa wa mhusika. Ni binti mwenye tabia njema na mcha Mungu. Tunaiomba serikali ya Uingereza imhurumie. Ikishindikana basi arudi, kihamba cha baba yake kipo na sisi tupo."

Mchagga akisoma sentensi ya mwisho, yenye kihamba (shamba la ukoo la kurithi), anaona heshima: mtoto wetu si mkiwa, ana kwao. Mwakilishi wa Home Office akiisoma anaona ardhi, nyumba na ukoo unaomsubiri mlangoni. Kazi yake imekwisha.

Dawa yake si kukificha kihamba. Kuficha kutagundulika kwa swali moja barazani, na baada ya hapo hata yaliyo kweli hayataaminika. Dawa ni kukieleza kilivyo. Kina ukubwa gani? Nani anakaa humo sasa, wangapi, nyumba ina vyumba vingapi? Kimeandikwa au kinajulikana kwa jina la nani? Kwa desturi kihamba hupita kwa watoto wa kiume. Binti aliyeondoka akiwa mdogo alipewa sehemu? Maelezo mazuri huwa hivi:

"3. Kihamba cha marehemu mdogo wangu kiko Kilema, kama nusu ekari. Tangu 2009 anaishi humo kitinda mimba wake wa kiume na mkewe na watoto wanne. Nyumba ina vyumba vitatu. 4. Binti aliondoka 2001 akiwa na miaka 11. Hajawahi kugawiwa sehemu. Amekuja mara mbili, 2010 na 2016, wiki tatu kila safari. Kichagga haelewi, Kiswahili anaelewa cha salamu. 5. Mimi nina miaka 74, ninaishi kwa kahawa na migomba. Ninaweza kumlaza miezi michache. Kumlisha yeye na watoto wake wawili siwezi."

Tazameni aya ya 5: inakiri kwamba msaada upo kidogo, na inaaminika kwa sababu hiyo. Mahakama za kule huuliza kama mtu ni mwenyeji vya kutosha, yaani kama anaelewa maisha ya huku yanavyoendeshwa na anaweza kushiriki na kujenga uhusiano ndani ya muda wa kuridhisha. Kila sentensi yenu ijibu swali hilo. Sifa za tabia njema ziache kwa mchungaji au sheikh wa kule anayemwona kila wiki.

Maelezo yaandikwe kwa lugha anayoizungumza shahidi. Bibi anayejua Kiswahili aandike au aandikiwe Kiswahili, kisha itafsiriwe. Bibi huyohuyo akitoa maelezo ya Kiingereza cha kitabuni, kila mtu atajua hakuyatoa yeye. Aya ziwe na namba. Mwanzoni jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anapoishi na uhusiano wake na mrufani. Mwishoni sentensi ya kwamba anaamini aliyoyaeleza ni kweli, sahihi au dole gumba, na tarehe. Wekeni na nakala ya kitambulisho cha NIDA. Si lazima kwenda kwa kamishna wa viapo. Baraza hupokea maelezo yaliyosainiwa tu. Fedha ya kiapo itunzeni kwa ajili ya majina yanayogongana.

Na msinakili. Barua tano za ndugu watano zenye aya ileile na kosa lilelile la herufi ni barua moja, tena mbaya.

Vyeti, majina na yale ya zamani

Cheti cha kuzaliwa kinatoka RITA, kwa mfumo wa mtandao au ofisi ya wilaya, ambayo kwa kawaida iko kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Shida si kukipata. Shida ni kwamba mtu aliyezaliwa 1988 atapata cheti kilichotolewa mwaka huu, na mwakilishi wa Home Office atauliza kilikuwa wapi. Jibuni kabla hamjaulizwa: andikeni kwenye maelezo kwamba hakuwahi kusajiliwa, mkaambatanisha cheti cha ubatizo, cha kumaliza shule ya msingi, au kadi ya kliniki kama ipo.

Majina yetu huleta balaa lake. Kwenye ubatizo ni Anna, kwenye shule ni jina la babu, kwenye pasipoti ni jina la ukoo. Hapo ndipo hati ya kiapo ya mzazi au mkubwa wa ukoo, inayosema majina haya matatu ni ya mtu mmoja na kwa nini, inalipa gharama yake.

Kama ndugu alijilipua miaka ya nyuma kwa jina au utaifa usio wake, alama zake za vidole ziko Home Office tangu wakati huo. Cheti halisi mtakachotuma kitakutana na faili hilo. Wakili lazima aambiwe kabla, si siku ya kesi. Na mtu asishawishike kutengeneza hati ya kulinganisha mambo. Mahakama za kule hupima hati kwa kuziangalia zote pamoja na ushahidi mwingine, na ni kazi ya mrufani kuonyesha kwamba zinaaminika. Moja ya bandia huzichafua zilizo halali.

Tafsiri ya Kiingereza iambatane na nakala ya Kiswahili. Mtafsiri athibitishe kuwa ni tafsiri sahihi, aandike tarehe, jina kamili, mawasiliano na kusaini. Asiwe mrufani wala mwenza wake.

Kutuma: nendeni stesheneri mkaskani kwa PDF, rangi, ukurasa mzima pamoja na mihuri ya nyuma, na mtume WhatsApp kama faili, si kama picha, maana picha hupungua ubora na muhuri hausomeki. Hati za asili zifuate kwa EMS au kampuni ya vifurushi, nanyi mbaki na kopi. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ushahidi imeandikwa kwenye maelekezo ya baraza. Mwulizeni ndugu tarehe hiyo wiki ya kwanza.

Yale Home Office itakayosema kuhusu huku

Itasema Moshi kuna hospitali ya KCMC, na Tanzania kuna shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Yote ni kweli. Kubisha kwa maneno matupu ni kupoteza muda. Kama mtoto anatumia dawa fulani, pateni barua ya hospitali au famasi inayotaja dawa hiyo kwa jina, kama ipo na bei yake kwa mwezi. Kuhusu shule, chukueni karatasi ya ada ya shule mbili za Kiingereza mjini, muiweke kando ya hati ya mshahara wa mtu mwenye kazi kama atakayoipata ndugu. Na shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto wa miaka 10 asiyekijua ataanzia wapi? Mwalimu mkuu anaweza kulieleza kwa aya mbili.

Uraia nao unasahaulika. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mwenza aliyezaliwa Machame lakini amechukua uraia wa Uingereza si Mtanzania tena kisheria, na atahitaji idhini ya serikali kuishi na kufanya kazi hapa. Jaji wa kule hawezi kulijua hilo bila kuambiwa.

Miamala ya kutuma pesa nyumbani ni panga la makali kuwili. Inaonyesha anafanya kazi na kujitegemea. Inaonyesha pia kwamba uhusiano na nyumbani uko hai. Msizifute wala msizipambe. Mama aeleze tu kwamba laki moja kwa mwezi ni ya dawa ya presha, na kwamba ikikatika hakuna mwingine wa kuituma.

Shahidi wa Moshi kwa video

Msipange kwamba baba mkubwa "ataingia tu kwa simu". Tangu uamuzi wa baraza la juu (Upper Tribunal) mwaka 2021, ushahidi wa mdomo kutoka nchi ya nje unahitaji ithibitike kwanza kwamba nchi hiyo haina pingamizi, na maombi hayo hupitia kitengo maalum cha wizara ya mambo ya nje ya Uingereza. Huchukua muda na kuna ada. Wakili aulizwe mapema sana. Maelezo ya maandishi hayana sharti hilo, na kwa kesi nyingi yanatosha. Ikiruhusiwa video, kumbukeni saa: kikao cha saa nne asubuhi kule ni saa saba mchana Moshi wakati wa baridi yao, na saa sita mchana wakati wa kiangazi chao.

Siku yenyewe

Mkalimani ni wa bure, aombwe mapema, na itajwe Kiswahili cha Tanzania. Akichagua mkalimani atumie mkalimani mwanzo hadi mwisho. Kujibu nusu Kiingereza kunamchanganya kila mtu. Asijibu asichokijua. Hukumu mara nyingi haitolewi palepale, huja kwa maandishi.

Akishindwa, ana siku 14 tangu kutumiwa sababu za uamuzi kuomba ruhusa ya kwenda baraza la juu, na hapo hoja ni moja tu: jaji amekosea sheria. Kutokubaliana naye hakutoshi. Kuna wanaouliza kama kesi inaweza kuletwa Arusha, kwa kuwa tuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Mahakama ya Afrika Mashariki. Haiwezi, Uingereza haimo katika mikataba hiyo. Ya kimataifa kwake ni Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg, ndani ya miezi 4 baada ya ngazi zote za ndani kwisha.

Safari za nyumbani

Jambo hili semeni kwenye kikao cha ukoo mapema, kabla halijatokea. Aliyekata rufaa akiwa ndani ya Uingereza akitoka nchini kabla haijaamuliwa, rufaa inahesabiwa kuwa imetelekezwa. Krismasi ya Moshi haimo. Harusi haimo. Na msiba haumo, hata wa mzazi. Mama akifariki wakati rufaa inasubiri, mazishi yatafanyika bila yeye, na mtu wa kutupa udongo kwa niaba yake atajwe kabla ya siku hiyo, ili asije mkubwa wa ukoo akampigia simu usiku na kumwambia apande ndege.